Matone ya Steroidi Baada ya Mtoto Mchanga Kupasuliwa Mtoto wa Jicho: Kazi ya Nyumbani Hatua kwa Hatua

Siku ya kumi na tisa baada ya upasuaji, mama mmoja wa Likoni alinijia kliniki na binti yake wa wiki kumi. Kwa nje jicho lilikuwa limetakata, halina tongo wala machozi. Matone alikuwa ameyaacha tangu siku ya kumi na mbili. Bibi yake mtoto alikuwa amemwambia, "Mato ya mjukuu wangu yashatakata, na dawa zenyewe kali. Mbona twamuunguza bure?" Nilipomulika mboni niliona utando wa kijivu umetanda mahali ambapo siku chache nyuma palikuwa wazi. Mtoto akarudishwa chumba cha upasuaji, akapewa nusukaputi mara ya pili, utando ukakatwa.

Mimi ni muuguzi wa macho hapa Mombasa kwa miaka mingi, na maneno ya bibi yule nimeyasikia Kisauni, Changamwe na Mtwapa. Simlaumu. Alimhurumia mjukuu wake, na hakuna aliyekuwa amemkalisha akamweleza kwamba jicho la mtoto mchanga laweza kuwa jeupe kwa nje na huku ndani lawaka. Haya ndiyo ambayo ningemweleza. Idadi ya matone na wiki nitakazotaja ni zile zinazoonekana mara nyingi kwenye karatasi za hospitali. Karatasi ya mwanao ikisema vingine, fuata karatasi, kwa kuwa aliyeiandika ameliona jicho lenyewe.

1. Jua kwanza kinachotokea ndani ya jicho

Mzee wa miaka sabini akitolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia weupe, jicho lake hutulia upesi. La mtoto wa miezi miwili halitulii hivyo. Mwili mchanga hulijibu jeraha kwa nguvu: mishipa midogo ya ndani ya jicho huvuja, na maji yaliyo mbele ya mboni huingiwa na chembe nyeupe za damu pamoja na protini iitwayo fibrini, ileile inayogandisha damu kidole kinapokatwa. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita mchochota. Fibrini hunata. Huigandisha ile duara ya rangi inayozunguka mboni na vilivyo nyuma yake, mboni ikapinda na kukosa umbo, na baadaye hutanda utando katikati. Maji ya jicho nayo yakizibiwa njia ya kutokea, presha ya jicho hupanda.

Yote haya hutokea bila mtoto kulia na bila jicho kutoa usaha. Kwa mtu mzima, utando ungesubiri mwezi mzima na ukitolewa angeona kama zamani. Kwa mtoto mchanga hausubiri, kwa sababu ubongo wake ndio kwanza unajifunza kuona. Jicho lililozibwa katika miezi hiyo ubongo hulisahau, likawa jicho vivu hata kama baadaye litasafishwa vizuri namna gani. Ndiyo maana madaktari hupenda mtoto mwenye mtoto wa jicho mzito katika jicho moja apasuliwe akiwa na umri wa wiki 6 hivi, na mwenye macho yote mawili kufikia wiki 8 hivi. Hapa kwetu mtoto hukaa ndani hadi arobaini, akionwa na mama, bibi na mkunga katika chumba chenye mwanga hafifu, na arobaini ni karibu wiki sita kamili. Wengi wenu mnafika hospitali muda umeshabana. Hizi wiki za matone hatuna nafasi ya kuzipoteza tena.

Kuna watoto ambao mchochota wao huwa mkali kuliko wa wenzao, hasa walioambukizwa rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, wakiwa tumboni. Ikiwa mwanao ni mmoja wao, usishangae akiandikiwa dawa nyingi zaidi ya mtoto mliyelazwa naye chumba kimoja.

2. Zitambue chupa

Mara nyingi utatoka hospitali na chupa tatu, na pengine tyubu ndogo ya kupaka usiku. Chupa ya kwanza ni steroidi, kwa kawaida prednisoloni ya asilimia 1 au deksamethasoni ya asilimia 0.1. Hii ndiyo inayozima mchochota. Ya pili ni ya kuua bakteria, na aghalabu hutumika wiki moja hadi mbili tu. Ya tatu huipanua mboni na kuituliza ili isigande: atropini, au nyingine ya jamii hiyo. Kila moja ina kazi yake. Steroidi haiui vijidudu hata kimoja, na ya kuua vijidudu haizimi mchochota, kwa hivyo moja ikiisha usiijazie nafasi kwa nyingine.

Nyumba nyingi huwa na zaidi ya mtu mmoja anayetia matone, na chupa zenyewe zafanana. Zifunge nyuzi. Mimi huwaambia akina mama: uzi mwekundu kwa steroidi, mweusi kwa ya kupanua mboni, na ya kuua bakteria isiwe na uzi. Hata binti wa jirani asiyejua kusoma lebo hatakosea.

Steroidi ikiwa ni prednisoloni, tikisa chupa kila mara kabla ya kutia, utikise kwelikweli. Dawa hiyo haikuyeyuka ndani ya maji. Ni unga laini unaoelea, na chupa ikikaa unga hutua chini. Usipotikisa, wiki ya kwanza mtoto atapata maji yenye dawa kidogo, na hiyo ndiyo wiki anayoihitaji zaidi, kisha mwisho wa chupa apate dawa nzito kupita kiasi.

Fanya na hesabu. Chupa ya mililita 5 ina kama matone 100. Mtoto anayetiwa mara sita kwa siku katika macho mawili hutumia matone 84 kwa wiki, hapo hujahesabu yanayoanguka shavuni. Basi chupa moja yamaliza wiki kwa taabu. Nunua ya pili kabla ya kwanza haijaisha, maana nimeona matone yakikatika siku tatu nzima kwa sababu chupa iliisha Ijumaa jioni na duka la dawa la mtaani halikuwa nayo. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Ikipita wiki nne itupe, hata ikiwa imebaki nusu.

Joto la Mombasa ni adui wa dawa hizi, hasa Februari na Machi. Zisikae dirishani wala juu ya kabati chini ya mabati. Asiye na friji aziweke kwenye kibati safi chenye kifuniko, sakafuni kando ya mtungi wa maji, upande usiopigwa na jua. Mwenye friji azilaze mlangoni, mbali na barafu, kwani steroidi inayoelea ikiganda huharibika. Ukipanda matatu, chupa ziwe mkobani mwako.

3. Kutia tone

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Msiwe mtu mmoja siku za mwanzo. Mmoja ashike, mwingine atie. Nawa mikono kwa sabuni, na anayeshika naye anawe. Tandika leso, mlaze mtoto juu yake chali, umfunge mikono yake ndani, leso ikaze kifuani kiasi cha kuingia vidole vyako viwili. Asiyefungwa hupiga chupa, na ncha ya chupa ikigusa jicho lililotoka kupasuliwa ni balaa. Fanya hivi kabla ya kumnyonyesha. Akinyonya kwanza kisha akalia, atatapika. Akitiwa kwanza kisha akapewa titi, hutulia, na baada ya siku nne au tano ataanza kuzoea kwamba baada ya tone huja titi.

Kama kuna tongo, lifute kwa pamba safi iliyochovywa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka upande wa pua kwenda nje. Pamba moja kwa jicho moja, mfuto mmoja, kisha tupa.

Vuta kope la chini taratibu kwa kidole, upate kijifuko cha wekundu, udondoshe tone moja humo. Ncha iwe juu ya jicho umbali wa upana wa kidole. Usibonyeze jicho lenyewe kamwe. Akikaza macho usipigane naye. Weka tone kwenye kona ya ndani, karibu na pua, palipo kama kibwawa, halafu usubiri huku kichwa chake kikiwa kimelala sawa. Punde atafumbua, tone liingie lenyewe. Njia hii yafanya kazi, nami naipenda kuliko kumfumbua kwa nguvu.

Likishaingia, weka ncha ya kidole kwenye kona ya ndani ya jicho, pale ubavuni mwa pua, ubonyeze kidogo kwa dakika moja au mbili. Hapo pana mfereji wa machozi unaoteremka puani. Usipozibwa, dawa huteremka, ikamezwa na kuingia damuni. Mtu mzima haitamdhuru, lakini tone lile unalomtia mtoto wa kilo nne ni tone lilelile la mtu wa kilo sabini. Ukiniuliza kitu kimoja ambacho wazazi wengi hukiacha, ni hiki cha kubonyeza kona. Kisha futa dawa iliyomwagika shavuni.

Tone moja latosha. Jicho la mtoto haliwezi hata kulibeba tone zima, na la pili husukuma la kwanza likatoka. Kama steroidi ilianguka shavuni kabisa, rudia. Kama ni atropini na huna hakika kama iliingia, usirudie. Ngoja wakati wake mwingine.

Kati ya chupa na chupa zipite dakika tano. Ya tyubu huwa ya mwisho daima, kwa kuwa mafuta yake huyazuia matone. Usiku na kila anapolala mchana, mfunike jicho kwa kile kifuniko cha plastiki alichopewa, kwa muda aliosema daktari.

4. Ratiba inayoshikika

Wiki ya kwanza steroidi hutiwa mara sita hadi nane kwa siku, na wengine kila baada ya saa mbili mtoto akiwa macho. Kwa mara sita, mimi huwapangia hivi: alfajiri, saa tatu asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi, na saa tatu usiku kabla ya kulala. Adhana nne kati ya tano zitakukumbusha bila simu wala saa. Isha iache, kwa sababu iko karibu mno na magharibi. Ukisahau wakati mmoja, tia mara unapokumbuka, kisha endelea na ratiba. Usitie matone mawili kufidia.

Chora karatasi ya alama, siku upande mmoja na nyakati juu, uibandike ukutani, na kila aliyetia aweke alama papo hapo. Yule mtoto wa Likoni alipopasuliwa mara ya pili, bibi yake ndiye aliyeishika karatasi hiyo. Hakukosa alama hata moja kwa wiki saba.

5. Kupunguza, siyo kukata

Baada ya wiki ya kwanza au ya pili, daktari akiona mchochota unatulia, ataanza kuteremsha: kutoka mara sita hadi nne, kisha tatu, mbili, moja, mara nyingi ngazi moja kwa wiki. Safari yote huchukua wiki sita hadi nane, na kwa wengine zaidi. Mchochota ukizimwa nusu hurudi, tena kwa kishindo. Moto wa mkaa nao ukiuona umefunikwa majivu hauko baridi.

Kuna sababu ya pili ya kutokata ghafla. Mtoto aliyetumia steroidi kwa wingi, hasa aliyepewa pia ya kunywa, tezi zake zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Ukikata siku moja, mwili hubaki mtupu: mtoto hulegea, hukataa kunyonya, hutapika.

Madaktari wengine huchoma sindano ya steroidi kando ya jicho mwisho wa upasuaji, au huiacha ndani ya jicho. Hilo halikuondolei matone. Na akiwa kwenye steroidi ya kunywa, mwambie muuguzi wa chanjo kabla hajachanjwa. Matone peke yake hayazuii chanjo za wiki 6, 10 na 14.

6. Kila asubuhi, dirishani

Kabla ya tone la kwanza, mpeleke mtoto kwenye mwanga wa dirisha, usimwelekeze kwenye jua. Tazama vitu viwili. Kioo cha mbele cha jicho king'ae kama glasi iliyooshwa. Mboni iwe nyeusi na duara. Kwa sababu ya atropini itakuwa kubwa, na hiyo si hatari.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi, ukiona mboni ina weupe au ukijivu, au imepinda. Kioo cha mbele kina ukungu. Kope zimevimba, usaha unatoka, wekundu unazidi badala ya kupungua. Mtoto ana homa na hataki kunyonya. Au anakimbia mwanga na kutokwa machozi kutwa. Ikiwa ni usiku, nenda usiku. Vijidudu vilivyoingia ndani ya jicho huweza kuliua kabla hakujapambazuka mara mbili.

Steroidi yenyewe ina madhara, nami sitayaficha kwa hofu kwamba utaikimbia. Huweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo haiumi mwanzoni. Hujulikana kwa kipimo tu, ndiyo sababu nyingine ya kutokosa kliniki. Kwa mtoto, presha ikikaa juu jicho huanza kukua likawa kubwa kuliko mwenzake. Watu huliita jicho zuri, la kurembua, kumbe linaharibika. Katika mwili, tazama uso unaojaa na kuwa mviringo, uzito unaopanda kwa kasi isiyo ya kawaida, vinyweleo vinavyoongezeka. Ukiona hayo sema, na daktari atarekebisha. Usirekebishe mwenyewe.

Atropini nayo, katika mji huu wa joto, yataka macho. Huzuia jasho. Mtoto akiwa mwekundu usoni, ngozi kavu na ya moto, mdomo umekauka, moyo wadunda mbio, mvue nguo nzito, msogeze penye upepo, usitie tone jingine, na umpeleke hospitali. Usimfunike blanketi Januari kwa kuwa katoka kupasuliwa.

7. Visivyoingia jichoni

Wanja. Najua mtoto wetu hupakwa wanja ili apendeze na akingwe na kijicho, lakini wanja mwingi una madini ya risasi, na kijiti chake hubeba vijidudu. Usimpake mpaka daktari aseme amepona, nami ningekuomba usimpake kabisa. Maziwa ya mama mwache ayanywe, yasitiwe jichoni. Asali, maji ya zamzam, maji ya waridi, majani yaliyopondwa, vyote vibaki nje. Kisomo msomee, haina neno. Anayesoma asiteme wala kumpulizia mate karibu na jicho.

Akioshwa, maji yasimiminwe usoni kwa wiki mbili za kwanza. Mfute kwa kitambaa. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipoenea Pwani, nyumba nzima zilishikwa. Ukiona hivyo tena, aliye na macho mekundu asimbebe mtoto wala kulala naye kitanda kimoja.

Na chupa ikibaki, usimtie mtu mwingine. Steroidi kwenye jicho lenye kidonda cha virusi au kuvu hukilisha kidonda kile, na mtu akapoteza jicho kwa dawa ya mtoto wa jirani.

8. Kliniki, na baada ya chupa kwisha

Jicho huangaliwa siku moja baada ya upasuaji, kisha baada ya wiki moja hivi, kisha kwa tarehe za daktari. Anayevuka Likoni kuja kisiwani atoke mapema. Tone la njiani tia kabla ya kuingia kwenye feri au baada ya kushuka, wala si katikati ya msukumano. Ukiwa mbali na aliyekupasulia na mambo yakaharibika, usingoje: Hospitali Kuu ya Pwani, Lighthouse for Christ mjini Mombasa na Kwale Eye Centre kusini kwetu wana wataalamu wa macho, na wakikutazama wanaweza kumpigia aliyefanya upasuaji.

Matone yakiisha kazi haijaisha. Lenzi ya mtoto imetolewa, na mara nyingi wachanga hawawekewi nyingine papo hapo, kwa hivyo atahitaji miwani minene au lenzi za kuvaa juu ya jicho, na kama ni jicho moja, lile zima litafunikwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile lililopasuliwa lifanye kazi. Presha ya macho itapimwa miaka yote. Katika utafiti wa Marekani uliowafuata watoto 114 waliopasuliwa jicho moja kabla ya kutimiza miezi 7, takriban mmoja kati ya watano alikuwa amepata ugonjwa wa presha ya macho alipofika miaka 10.

Ukija kliniki, njoo na chupa zote kwenye mfuko mmoja, zilizojaa na zilizokwisha, pamoja na ile karatasi ya alama ukutani. Mimi huanza na mfuko huo kabla sijashika tochi.